Chembe na Pasi ya Mvuke

Mtoto alikuwa amekojoa tena. Alisimama katikati ya chumba, miguu kaitanua kidogo, anautazama mkojo unavyotambaa sakafuni kuelekea kwenye kapu la mashati, katulia tuli kama mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa. Mama yake aliliwahi lile kapu akalinyanyua, lakini wapi, mashati mawili ya chini yalikuwa yameshalowa. Na si mashati ya mchezo. Yalikuwa ya wahudumu wa hoteli, meupe pe, na yalitakiwa kufika kabla ya chakula cha mchana. Mtu mzima na akili zake timamu alikaa kitako kwenye kigoda akashika kichwa.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba muda si mrefu alikuwa amemkalisha mtoto huyohuyo kwenye poti. Alimkalisha, akachuchumaa mbele yake, akamwambia akojoe. Akamwambia kwa kubembeleza, akamwambia kwa ukali, akamwambia kwa kuimba, na mtoto akabaki kumtazama kwa yale macho yake makubwa. Poti kavu. Akamvalisha chupi, akarudi kwenye meza yake ya kupigia pasi, na hata kola ya shati la kwanza hajaimaliza, akasikia maji yanamwagika chini. Wewe ungesema nini? Yeye alisema mtoto anamkomoa.

Mtaani walimwita Mama Pasi, kwa sababu ndiyo kazi iliyomweka mjini. Alikuwa na vyumba viwili vilivyofuatana: cha nyuma cha kulala, cha mbele cha kazi, na humo cha mbele kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi, kamba ya kutundikia nguo, na pasi ya mvuke yenye tangi lake pembeni. Ile pasi aliipenda kupita kiasi. Unabonyeza kitufe, mvuke unatoka, na mkunjo ambao zamani ungekutoa jasho unalainika wenyewe. Alikuwa ameizoea hata sauti yake hakuisikia tena, kama usivyosikia pumzi zako mwenyewe.

Mtoto naye aliitwa Chembe. Alizaliwa kabla ya wakati wake, kadogo, hadi wauguzi wakawa wanaitana kuja kumwona, na jina likamganda. Mama yake baada ya kujifungua aliumwa, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, ikawa hivyo mpaka watu wakaanza kumtaja kwa kunong'ona. Mume wake ni dereva wa lori la safari ndefu, mtu wa kuonekana leo na kupotea. Basi mama mkwe akaja akambeba mjukuu wake, hata kukaa vizuri mtoto alikuwa hajajua, akaenda kumlea kwake. Mama Pasi alipopona, alikuta mtoto wake anamwita bibi "mama", na yeye mwenyewe anamwita "yule".

Sasa ndiyo kwanza alikuwa amerudishiwa. Amemsubiri muda wote huo, amejenga kazi yake kidogo kidogo ili asiambiwe hana pa kumweka, na siku ya kukabidhiwa mama mkwe alimwambia waziwazi, bila kuzungukazunguka, kwamba mtoto ni wake na hana kinyongo, ila akisikia Chembe hana raha atarudi kumchukua, na safari hiyo asahau kumpata tena. Mume alikuwa amesimama palepale akatikisa kichwa kukubali. Mume huyo kwa mama yake hajawahi kutikisa kichwa vinginevyo.

Na ndiyo siku hiyohiyo mama mkwe alipojisifu kuhusu nepi. Alisema Chembe hajui nepi ni nini. Alisema wanawake wa siku hizi wanamngoja mtoto mpaka aote ndevu, yeye huyu alimfundisha hata shingo haijakaza. Mama Pasi akauliza anafanyaje akitaka kumpeleka haja ndogo. Mama mkwe akamtazama kama aliyeulizwa maji yanachemshwaje.

"Mwambie tu," akasema. "Huyu ukimwambia, anakojoa."

Mama Pasi akalibeba lile neno kama lilivyo. Akawa anamwambia. Kojoa, Chembe. Kojoa mama. Haya kojoa basi. Mtoto anakodoa macho. Akitolewa kwenye poti, akiachwa acheze chini ya meza na vifungo vyake vya mashati vilivyokatika, ndipo anafungulia. Asubuhi, mchana, alasiri. Siku ya Jumapili, ambayo hakuna kazi, mtoto anashinda mkavu akipelekwa uani na kuachwa huko ajichezee na mchanga, na siku umeme ukikatika, mkavu pia. Mama Pasi aliliona hilo vizuri sana, maana hakuwa kipofu. Akalitafsiri alivyoweza: mtoto hapendi nikishika kazi, anataka nimshike yeye. Halafu usiku akalitafsiri vibaya zaidi, kwamba mtoto hamtaki, anamtaka bibi yake, na amegundua njia ya kumrudisha.

Zahanati walipima mkojo wakasema ni msafi. Jirani yake, dada muuza duka la dawa, alimweka chini siku moja wateja walipopungua akamhoji. Mtoto anaweza kushusha chupi mwenyewe? Anaweza. Anakaa mkavu kwa muda wa kutosha? Zikiwa siku nzuri, ndiyo. Je, anasema mwenyewe akibanwa, au anajishika, au anajikunyata, au anatafuta kona? Mama Pasi akafikiri. Akafikiri sana. Hapana, hata mara moja. Anakojoa tu, ghafla, bila dalili, halafu anamtazama usoni.

Muuza dawa akamwambia hapo ndipo penye kazi, kwamba mtoto huyo mwili wake haujamwambia bado, au umemwambia na yeye hajui kuusikiliza. Ampe muda, amkalishe kwenye poti akiamka na akishakula, asimfokee, na tafadhali sana asimpige, maana mtoto akipigwa kwa ajili ya mkojo anaanza kuubana, na akiubana utakuwa ugonjwa. Mama Pasi akaitikia ndiyo dada, asante dada. Njiani, hatua chache tu hadi mlangoni kwake, alikuwa ameshaukasirikia ule ushauri wote. Mtoto hajajua vipi, na kwa bibi yake alijua? Hivi bibi ana uchawi gani ambao mama mzazi hana?

Ndiyo maana asubuhi ile ya mashati ya hoteli alimpiga. Haikuwa mara ya kwanza, tusifichane. Alikuwa ameanza na kofi dogo la kiganjani, lile ambalo watu husema si kupiga, ni kumtia mtoto adabu tu. Anamwita, anamwambia toa mkono, anampiga kiganjani, yameisha. Asubuhi ile hayakuisha. Alimwinamia akamuuliza nani amemwambia akojoe pale, na alikuwa hasubiri jibu, kama tunavyouliza watoto maswali ambayo hatutaki yajibiwe.

"Mama," Chembe akasema.

"Mama nani?"

"Mama kasema."

Damu ikampanda. Mtoto hata miaka mitatu hajatimiza na tayari anamsingizia mchana kweupe, tena anamtazama machoni. Akampiga la pili, na hilo halikuwa dogo. Chembe akalia kile kilio cha kukatika pumzi, na simu ikaita wakati huohuo, na kwa kuwa mkosi haukosi adabu ya kuja kwa wakati wake, alikuwa baba mtoto yuko barabarani. Akakisikia kilio. Akauliza kuna nini. Mama Pasi akasema mtoto ameanguka. Mume akakata simu, na jioni ikaingia simu nyingine, ya mama mkwe, fupi, kwamba anakuja.

Hakulala, na nani angelala? Alisugua sakafu mpaka ikang'aa, akafua nguo zote za Chembe, akaanika hadi chupi kwa mpangilio wa rangi kana kwamba mama mkwe anakuja kukagua kamba. Akapanga moyoni kwamba siku atakayofika hatashika kazi kabisa, atakaa na mtoto uani, mtoto atakuwa mkavu, na mama mkwe ataona mtoto ana raha. Mpango mzuri. Tatizo la mama mkwe ni kwamba hakuwa mtu wa kungojewa.

Alifika asubuhi mapema, hajasema atafika saa hiyo, mkoba mkononi na kanga mpya begani, akamkuta mkwewe yuko mezani na lundo la mashati limemfika kifuani. Chembe alimwona akapiga yowe, akamrukia, akamng'ang'ania shingoni. Mama Pasi akaweka pasi chini, akapiga goti kusalimia, akaitikiwa. Kisha akasema anazima, wakae waongee. Mama mkwe akakataa katakata. Akasema yeye si mgeni wa kuzimiwa pasi, kazi ya watu imalizwe, yeye atakaa pale na mjukuu wake waangaliane. Akavuta kigoda, akampakata Chembe, akaanza kumuuliza habari za vifungo. Mama Pasi angefanyaje? Akarudi mezani, akatandaza shati, akabonyeza kitufe.

Ssss.

Chembe akateremka kutoka mapajani kwa bibi yake. Hakukimbia wala hakuruka. Aliteremka taratibu, akasimama, akatanua miguu, akakojoa. Mama Pasi aliona kila kitu kilichokuwa chake kinaondoka na ule mkojo. Akasimama na pasi hewani, mdomo wazi, anangoja kauli.

Mama mkwe akacheka. Alicheka kwa raha, kicheko cha mtu anayemwona mwanafunzi wake amefaulu, mpaka kanga ikamteleza begani. Akasema lakini wewe nawe mwanangu, utamwambiaje mtoto akojoe kabla hujamtoa nje? Mtoto amekusikia, kosa lake nini?

"Sijamwambia kitu, mama."

"Hujamwambia? Si nimesikia kwa masikio yangu?"

Na mama mkwe akauleta ulimi nyuma ya meno, akatoa ile sauti. Ssss. Ndefu, laini, ya kuvutia, ileile aliyokuwa akimtolea Chembe tangu yuko mchanga, akimshikilia juu ya beseni asubuhi na jioni, mpaka mtoto na sauti ikawa kitu kimoja. Chembe, aliyekuwa bado amesimama kwenye maji yake, akajikaza uso mzima, akatoa matone mawili zaidi.

Mama Pasi akaitazama pasi. Akaitazama kama kitu kilicholetwa na mtu usiku kikaachwa mkononi mwake. Kidole chake, bila yeye kukituma, kikabonyeza tena kitufe, ssss, na kwa mara ya kwanza tangu ainunue akaisikia. Akamwona mtoto anahangaika, anakaza tumbo, anatafuta cha kutoa na hakuna, na anamtazama mama yake kwa wasiwasi, wa mtu anayetaka kufanya alivyoagizwa na ameishiwa.

Akaanza kuhesabu. Mashati mangapi amepiga pasi tangu mtoto aje? Kila shati na mvuke wake mara ngapi? Mtoto ameambiwa kojoa, kojoa, kojoa, kutwa nzima, na mama yake mzazi, na amejitahidi kwa kadiri kibofu chake kilivyoweza. Na alipoulizwa nani kasema, alisema kweli.

Mama mkwe bado alikuwa anacheka, sasa anaicheka pasi, anasema haya ndiyo maajabu, mashine ya umeme imejifunza kulea. Hata Mama Pasi, pamoja na mshtuko wote ule, alihisi mdomo wake unataka kutabasamu. Wangecheka wote wawili na habari ingekuwa ya kusimuliwa ukumbini miaka na miaka.

Lakini Chembe alikuwa hajamaliza. Alichomoa miguu yake kwenye maji, akapita mbele ya bibi yake, akaenda mpaka mezani aliposimama mama yake. Akanyoosha mkono wa kulia, kiganja juu. Akafumba macho, akayabana kabisa, akangoja.

"Anaomba nini huyu?" mama mkwe akauliza, na uso wake bado una kicheko.

Mama Pasi akaitua pasi mezani.

Chembe akafumbua jicho moja. "Mama, bado?"

Basi kicheko kikafa. Mama mkwe akautazama ule mkono mdogo, akamtazama mkwewe, akautazama tena mkono. Hakuwa na haja ya kuelezwa. Mama Pasi naye alikuwa anautazama kana kwamba ni mkono wa mtoto asiyemjua, ameletwa tu na mtu. Aliwahi kudhani atanyang'anywa mtoto kwa sababu ya mkojo. Haikumjia hata siku moja kwamba mtoto alikuwa ameshajipangia mambo yote kwa akili yake ndogo: mama anasema, mimi nakojoa, mama anapiga, ndivyo nyumba hii ilivyo. Wala siku hizi hakuwa akilia mpaka apigwe sana. Mama yake alidhani ni kiburi.

"Unampiga," mama mkwe akasema taratibu.

"Nampiga, mama."

Akachomoa waya wa pasi ukutani. Akaenda chumba cha nyuma, akarudi na begi la mtoto, na nguo za Chembe zile alizozifua zikiwa zimekunjwa vizuri, akalitua miguuni mwa mama mkwe. Akamwambia amchukue. Alisema hana la kujitetea, wala hataki kutetewa, na kama ni kumfukuza atafukuzika. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa anayafuta.

Mama mkwe aliliangalia lile begi, kidevu juu ya mkono. Alikuwa amekuja kumchukua, na hakuficha. Ndani ya mkoba wake alikuwa na gauni la kumvalisha Chembe njiani. Alipozungumza, sauti ilikuwa kavu.

"Nikimchukua leo, huu mkono atakuja kuutoa kwangu. Atautoa shuleni, atautoa kwa kila mtu mzima atakayemwona. Amejifunzia kwako. Kwako ndiko atakakousahau."

Akalisukuma begi kwa mguu, likarudi upande wa mama. Akaongeza kwamba haondoki kesho wala keshokutwa, na kwamba na yeye ana lake la kujibu, maana alisema mwambie na hakusema vipi, alidhani dunia nzima inamwambia mtoto kwa namna moja. Kisha akavua kanga ya begani akapiga goti akaanza kufuta sakafu, na Mama Pasi alipotaka kumpokea alimsukuma mkono.

Siku hiyo pasi haikuwashwa tena. Mashati yalipelekwa, lundo zima, kwa mpiga pasi wa mtaa wa pili. Muuza dawa aliitwa, akasikia, akaziba mdomo kwa kiganja na hakusema nilikwambia, ingawa alikuwa amemwambia. Akasema tu kwamba ile sauti sasa iachwe, isitolewe na mdomo wala mashine, pasi ihamishiwe kibarazani mbali na mtoto, na Chembe aachwe asikilize tumbo lake mwenyewe. Atalowesha, wasishtuke. Siku akilowesha bila kuambiwa na mtu, akiwa ameelekea popote palipo na poti, hata kama hajafika, wajue somo limeanza kuingia.

Ilitokea jua likianza kushuka, mapema kuliko walivyotegemea. Chembe alikuwa chini ya meza na vifungo vyake. Hakuna aliyesema kitu, nyumba ilikuwa kimya, bibi anasinzia. Ghafla mtoto akaacha vifungo, akasimama, akajishika, na uso wake ukawa na mshangao mkubwa, wa mtu aliyeitwa jina na haoni anayemwita. Akapiga hatua kuelekea kwenye poti, akapiga nyingine. Hakufika. Ukamtoka katikati ya chumba, na safari hii alikuwa wa kwanza kushtuka.

Mama Pasi alikuwa ameshafika, kapiga magoti sakafuni. Akamwambia vizuri sana mama, umejua mwenyewe, umejua. Chembe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, kiganja juu, akafumba macho.

Kwenye kamba kulikuwa na chupi kavu, ya bluu. Mama Pasi akaitungua, akaikunja ndogo, akaiweka taratibu juu ya kile kiganja, akavifunga vile vidole kimoja kimoja.

Chembe akafumbua macho, akaiona ile chupi. Akaifikiria. Akaihamishia mkono wa kushoto, akanyoosha tena ule wa kulia.